UZI: Pima simuleta ya jua kwanza, paneli baadaye (halojeni, LED, zenoni)

#1 MizaniYaJua

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu ni kwa mafundi sola, walimu wa maabara na wanachuo wanaotengeneza au kununua simuleta ya jua, ile meza ya taa inayoiga jua ili paneli ipimwe ndani ya chumba. Jua Dodoma tunalo la kutosha ila halishikiki. La saa tatu silo la saa saba, na kiwingu kikipita katikati ya kipimo unaanza upya, ndiyo maana karakana zinahamia kwenye taa. Shida inaanza pale taa zinapowaka, mita inasoma 1000 (wati kwa mita ya mraba), na paneli zinapimwa siku hiyohiyo wakati simuleta yenyewe haijapimwa na mtu. Paneli iliyoandikwa wati 50 ikitoa wati 41, nani atajua upungufu ni wa paneli au wa taa? Muuzaji na mnunuzi watagombana na wote hawana ushahidi.

Kiwango cha kimataifa kinachotumika ni IEC 60904-9. Kinaangalia mambo matatu, kila moja na herufi yake, kwa mpangilio huu:

Kwanza spektra, yaani mgawanyo wa rangi za mwanga ukilinganishwa na wa jua sanifu linaloitwa AM1.5. Unagawa mwanga katika bendi sita, kisha kila bendi unatafuta uwiano wa fungu la taa kwa fungu la jua. Daraja A ni uwiano wa 0.75 hadi 1.25 katika bendi ZOTE sita, B ni 0.6 hadi 1.4, C ni 0.4 hadi 2.0. Bendi moja ikianguka, spektra nzima imeanguka nayo.

Pili mtawanyiko, mwanga kuwa sawa juu ya eneo zima la kupimia. A ni tofauti isiyozidi asilimia 2, B 5, C 10.

Tatu utulivu, mwanga kutoyumba kadiri muda unavyokwenda. Hapa kuna wa muda mfupi (A asilimia 0.5, B 2, C 10) na wa muda mrefu (A 2, B 5, C 10).

Kwa hiyo ukiona CBA, ni spektra C, mtawanyiko B, utulivu A. Toleo la 2020 liliongeza daraja A+ (spektra 0.875 hadi 1.125, mtawanyiko asilimia 1, utulivu wa muda mrefu asilimia 1) na likapanua wigo kutoka nanomita 400–1100 za toleo la 2007 hadi 300–1200. Muuzaji akikwambia "AAA", muulize ni ya toleo lipi na kwenye eneo la ukubwa gani. A ya sentimita 20 kwa 20 haiihusu paneli ya sentimita 60.

Na jambo ambalo ningependa kila mtu aondoke nalo: herufi ni daraja la taa, si usahihi wa jibu lako. Ukiwa na seli ya rejea (seli ndogo ambayo mkondo wake chini ya jua sanifu unajulikana) ya aina ileile na paneli unayopima, taa ya C inaweza kukupa jibu zuri kuliko taa ya A iliyopangwa kwa mita isiyo yake.

Karibuni.

---

#2 Fundi_Makole

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nina fremu ya taa 9 za halojeni za wati 500, tatu kwa tatu. Nimepanga urefu hadi piranomita (mita ya nguvu ya jua) ya kuazima ikasoma 1000 W/m². Paneli zote zinatoka chini ya kilichoandikwa, hata zile ninazojua juani ni nzima. Kosa liko wapi hapo?

---

#3 MizaniYaJua

Mkuu Makole, kosa liko kwenye aina ya mita. Piranomita inapokea kila kitu kuanzia nanomita 285 hivi hadi 2800, pamoja na joto. Seli ya silikoni inaishia kwenye 1100 na kidogo, haioni kinachobaki. Jua lina karibu moja ya tano tu ya nishati yake zaidi ya hapo, lakini waya wa halojeni wenye joto la kelvini 3200 una zaidi ya nusu. Kwa hiyo piranomita inaposema 1000, sehemu kubwa ya hiyo 1000 ni joto la kukaushia nguo, na paneli inakula kilichobaki. Matokeo yako ndiyo yanayotarajiwa.

Mita ya laksi ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa sababu inaona kama jicho, kilele chake nanomita 555, na infraredi haiijui kabisa. Na zile mita ndogo za mkononi za "sola pawa" zina dayodi ya silikoni ndani, ila zimepangwa chini ya jua. Chini ya taa zinakosea kwa namna yake.

Tazama halojeni tupu ilivyo. Hii ni hesabu ya kitu kinachowaka kwa kelvini 3200, bila kichujio, kwenye bendi za 2007. Namba ya kwanza ni fungu la jua, ya pili la halojeni, ya tatu uwiano:

400–500: 18.4% / 4.1% / 0.22
500–600: 19.9% / 9.2% / 0.46
600–700: 18.4% / 14.0% / 0.76
700–800: 14.9% / 17.3% / 1.16
800–900: 12.5% / 18.7% / 1.50
900–1100: 15.9% / 36.8% / 2.31

Bendi ya buluu iko 0.22 na ya mwisho 2.31. C inaishia 0.4 na 2.0, kwa hiyo halojeni tupu haifiki hata C. Sinia la maji la sentimita chache chini ya taa litakata joto la mbali na paneli itapoa, ila buluu halitairudisha. Buluu unaiongeza kwa LED nyeupe na za nanomita 450 zilizopangwa kati ya halojeni.

Lakini hata kabla ya hapo, weka piranomita pembeni upange taa kwa seli ya rejea ya silikoni ya aina ileile na paneli zako. Upotofu wa spektra unaigonga seli na paneli karibu sawa, kwa hiyo unajifuta kwa sehemu kubwa. Hesabu kamili ya masahihisho hayo iko IEC 60904-7.

---

#4 MamaVolti

Naongezea upande wa sensa, yaani hiyo seli ya rejea, maana hapa ndipo wengi wanatumia kitu chochote kilichopo.

Chukua seli ya silikoni ya milimita 45 kwa 45. Eneo lake ni sentimita za mraba 20, na kwa jua kamili silikoni ya kawaida inatoa kama miliampia 35 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo utapata karibu ampia 0.7. Sensa lazima ifanye kazi karibu na shoti: volti juu ya rezista ya shanti (rezista ndogo inayogeuza mkondo kuwa volti ya kusoma) isizidi asilimia 3 ya volti ya wazi ya seli, yaani volti yake bila mzigo. Seli ya milivolti 600 inakupa nafasi ya milivolti 18 tu. Shanti ya omu 0.02 inatoa milivolti 14, uko salama. Watu wanaweka omu 1 ili "mita isome vizuri". Hapo seli inatakiwa itoe volti 0.7 ambayo haina, inajaa, na inasoma karibu ileile hata ukiongeza taa.

Waya ziwe nne: mbili zinabeba mkondo, mbili nyembamba zinasoma volti palepale kwenye miguu ya shanti. Ukisomea kwenye ncha za waya wa mkondo, unapima na waya.

Sasa mita. Multimita ya kawaida kwenye 200 mV inaonyesha hatua za 0.1 mV. Kwenye milivolti 14 hiyo ni asilimia 0.7 kwa kila hatua, na unatafuta kutofautisha asilimia 2 na 3. Haitoshi. Tumia mita yenye hatua za 0.01 mV, au chipu ya ADS1115 (inayogeuza volti kuwa namba za kompyuta) ukiiweka kwenye upeo wa ±0.256 V. Hatua yake ni maikrovolti 7.8, ambayo kwa milivolti 14 ni chini ya asilimia 0.06.

Seli ibandikwe kwenye bamba la aluminiamu la milimita 5, juu kioo kama cha paneli, nyuma themista (sensa ya joto). Mkondo wa silikoni unapanda kama asilimia 0.05 kwa kila nyuzi moja. Sensa ikipanda nyuzi 20 katikati ya kazi umepoteza asilimia 1 nzima, nusu ya ruhusa ya daraja A.

---

#5 Mwanachuo_Iyumbu

Shikamooni walimu wangu. Naomba hatua za kupima mtawanyiko. Tumeambiwa pointi 9 zinatosha, ni kweli? Na kwa nini sensa iwe 45 na si 20, maana maabara tuna ya 20 kwa 20?

---

#6 MizaniYaJua

Marahaba. Pointi 9 hazitoshi. Kiwango kinataka eneo ligawanywe katika miraba isiyopungua 64 iliyo sawa, na sehemu iliyopimwa ifunike zaidi ya asilimia 80 ya eneo lote. Eneo la milimita 400 kwa 400 linagawanyika 8 kwa 8, kila mraba milimita 50. Sensa ya 45 inafunika asilimia 81 ya mraba, ile ya 20 inafunika 16 tu. Ya 20 unaweza kuitumia kwa gridi ya pointi nyingi zaidi, ni kazi ya siku nzima.

Chora gridi kwa penseli kwenye plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Nyanyua sensa kwa vipande vya mbao mpaka uso wa seli yake uwe kwenye usawa uleule ambao seli za paneli zitakaa. Usipuuze hili. Taa moja ikiwa sentimita 50 juu, sentimita 1 tu ya tofauti ya urefu inabadilisha mwanga kwa asilimia 4. Fremu ya taa nyingi haibadiliki kwa kasi hiyo, ila bado inabadilika.

Washa taa, subiri dakika 30. Anza kwa kusoma mraba wa katikati, kisha safu ya kwanza miraba 8, rudi katikati usome tena, safu ya pili, rudi tena. Kwa njia hiyo taa zikiyumba polepole utaona kwenye namba za katikati, na utagawa kila usomaji kwa namba ya katikati ya wakati huo. Bila hivyo utadhani kona ya mwisho ni dhaifu kumbe volti ya umeme imeshuka ukiwa unapima.

Sensa isizungushwe, waya wake utokee upande mmoja muda wote. Pazia nyeusi pande zote. Anayesoma asimame mbali, na kama amevaa shati jeupe avae koti la giza juu yake. Mkono uliosahaulika karibu na sensa unarudisha mwanga, na kwenye ADS1115 utauona waziwazi.

Hesabu: kubwa kutoa ndogo, gawa kwa kubwa kujumlisha ndogo, zidisha kwa 100. Kubwa ikiwa 14.62 mV na ndogo 13.71: 0.91 ÷ 28.33 = asilimia 3.2. Hiyo ni B.

Halafu ZITAZAME hizo namba 64 kwenye ramani, usichukue jibu ukafunga daftari. Kona moja ikiwa chini, taa ya hapo imezeeka au imeinama. Kingo zote nne zikiwa chini, fremu ya taa ni ndogo kuliko eneo au iko karibu mno. Ukiona madoa kama ubao wa bao, juu-chini-juu-chini, nafasi kati ya taa ni kubwa kwa urefu uliouweka.

Kwa nini tunahangaika hivi: seli 36 za paneli ziko kwenye mnyororo mmoja, na seli inayopata mwanga kidogo ndiyo inayoamua mkondo wa wote. Wastani mzuri hauokoi. Kwenye paneli yenye dayodi za kukwepesha (zinazopitisha mkondo pembeni ya seli dhaifu), mwanga usio sawa unachora ngazi kwenye mkunjo wa I-V (mchoro wa mkondo kwa volti) inayofanana kabisa na seli iliyopasuka. Ngazi ikionekana chini ya taa na isionekane juani, paneli haina kosa.

---

#7 Nzuguni_LED

Kwa kingo kuwa chini kuna dawa tatu, na mpangilio wake ni huu. Kwanza kuta za pembeni za bati la aluminiamu linalong'aa, kutoka usawa wa taa hadi karibu na paneli. Hizi peke yake zinainua kingo sana. Pili punguza mkondo wa taa za katikati. Mwisho kabisa nyanyua fremu, maana ukinyanyua unapoteza mwanga wote na halojeni hazina akiba.

Wanaojenga za LED: kwa bendi za 2007 changanya nyeupe na za nanomita 660, 730, 850, 940 na 1050. Ukitaka toleo la 2020 lazima uongeze za urujuanimno karibu na 365–405, na hapo miwani ya kinga ni lazima. Kosa kubwa ni kuacha 1050 kwa sababu ni ghali. Bendi ya mwisho (900–1100 kwa 2007, 919–1200 kwa 2020) inabaki na mkia wa 940 tu na inaanguka.

LED nyekundu na za infraredi hufifia zikipata joto, zaidi kuliko nyeupe. Asubuhi spektra iko sawa, mchana bamba la kupooza likiwa nyuzi 60 imeshahama. Pima spektra baada ya joto kutulia, na uandike joto la bamba pembeni ya matokeo.

---

#8 MamaVolti

Utulivu sasa. Kwa muda mfupi multimita haifai, inatoa wastani. Halojeni kwenye umeme wa hertzi 50 inapumua mara 100 kwa sekunde na mita haitakwambia.

Chukua dayodi ya mwanga BPW34, iweke rezista ya omu 47, unganisha oskiloskopu kwenye DC. Chini ya 1000 W/m² itatoa kama miliampia 2.6, yaani volti 0.12. Msiweke kilo-omu 1 jamani. Dayodi haiwezi kupita nusu volti hivi, inajaa, na mnaona mstari ulionyooka mzuri. Mnaandika daraja A kumbe mmepima dayodi iliyoshiba. Jaribio la haraka: funika nusu ya taa. Volti isiposhuka karibu nusu, rezista ni kubwa.

Fomula ni ileile. Kilele 0.126, bonde 0.117: 0.009 ÷ 0.243 = asilimia 3.7. Muda mfupi, C.

LED zenye dimmer ya kuwasha na kuzima kwa kasi ni mbaya kuliko halojeni, maana mwanga unafika sifuri kabisa mara elfu kadhaa kwa sekunde. ADS1115 inasoma mara 860 tu kwa sekunde, haitaiona. Tumieni draiva za mkondo usiobadilika.

Muda mrefu ni rahisi: sensa palepale katikati, rekodi kila sekunde kwa muda wote ambao mkunjo mzima wa I-V unachukua, na ziada.

---

#9 Fundi_Makole

Asante dada. Basi umeme wenyewe ndio shida, jioni volti zinapanda na kushuka. Stabilaiza ya friji itatosha?

---

#10 MamaVolti

Haitoshi kaka. Ile ya relei inaruka kwa hatua za volti kadhaa, ukisikia "tak" ujue mwanga umeruka. Mwanga unaoonekana wa halojeni unakwenda na volti kwa kipeo cha 3.4 hivi: volti zikishuka asilimia 5, kutoka 230 hadi 218, mwanga unashuka kama asilimia 16. Silikoni inaona kushuka kidogo kuliko hapo kwa sababu inakula infraredi pia, lakini bado ni kwingi.

Njia nzuri ni taa za volti 24 kwenye pawa saplai ya DC iliyodhibitiwa. Betri za gari hazifai kwa kipimo kirefu: kutoka 12.7 kwenda 12.2 ni asilimia 4 ya volti tayari.

Kama huna, rekodi sensa, mkondo na volti ya paneli kwa wakati mmoja kwenye kila pointi ya mkunjo, halafu zidisha mkondo kwa 1000 gawa kwa mwanga wa pointi ile. Inasaidia kwa myumbo mdogo. Ukiwa mkubwa hairekebishi, kwa sababu volti zikishuka rangi ya taa nayo inageuka nyekundu.

---

#11 Mwanachuo_Iyumbu

Na asiye na spektromita (kifaa cha kupima spektra) afanyeje? Kuna ile ndogo ya bei nafuu inayosoma 340 hadi 850.

---

#12 MizaniYaJua

Hiyo haifiki 900–1100, bendi ambayo halojeni inaharibikia. Itakuonyesha nusu ya habari tu. Ikibidi uitumie kwa upande wa buluu: weka kisambaza mwanga mbele ya mdomo wake, punguza muda wa kusoma mpaka kilele kisiguse dari, rekodi giza ukiwa umefunika na ulitoe, na iwe imelinganishwa na taa ya spektra inayojulikana. Bila ulinganisho huo urefu wa mstari wake hauna maana, mahali pa mistari tu ndipo pa kuamini.

Asiye na spektromita ana jua la Dodoma, nalo linafanya kazi kubwa. Tafuta uwiano wa mkondo wa shoti wa paneli kwa usomaji wa sensa, mara moja juani, mara moja chini ya taa. Mfano paneli ya wati 50: juani ampia 2.95 na sensa 13.9 mV, uwiano 0.212. Chini ya taa sensa ileile 13.9 lakini paneli 2.78, uwiano 0.200. Pungufu karibu asilimia 6. Hiyo ndiyo spektra na mtawanyiko wa simuleta yako kwa pamoja, kwa paneli ya aina hiyo. Kuvitenganisha, hamisha sensa kutoka katikati hadi mraba dhaifu wa ramani yako na urudie hesabu. Pengo likizibika ni mtawanyiko, likibaki ni spektra.

Juani fanya hivi. Paneli na sensa kwenye ubao mmoja, bapa moja. Pigilia msumari wa milimita 100 wima kwenye ubao, zungusha mpaka kivuli chake kipotee chini ya kichwa chake; kila nyuzi moja ya kukosea inatoa kivuli cha milimita 1.7. Chagua siku ya kiangazi isiyo na wingu. Kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa iliyo juu yetu ni pungufu kwa zaidi ya sehemu ya kumi, kwa hiyo ule unene wa hewa wa AM1.5 unaupata jua likiwa limeinama zaidi kuliko pwani: Machi na Septemba ni karibu saa tatu asubuhi na saa kumi na robo alasiri. Mchana wa saa saba jua ni kali, lakini spektra yake si ile iliyoandikwa kwenye kiwango. Vumbi likiwa limetanda baada ya upepo wa Agosti, ahirisha.

---

#13 Fundi_Makole

Hili la msumari nimelipenda. Joto je? Chini ya halojeni paneli inakuwa ya kuchoma mkono.

---

#14 Nzuguni_LED

Pazia la plaiwudi kati ya taa na paneli. Taa zipate moto pazia likiwa limefungwa, fungua, soma ndani ya sekunde moja au mbili, funga. Paneli yenyewe ni kipimajoto: seli 36 zinapoteza karibu milivolti 70 za volti ya wazi kwa kila nyuzi moja. Volti ikishuka 0.7 ukiwa bado unasoma, imepanda nyuzi 10, na nguvu ya silikoni inapungua asilimia 0.35 hadi 0.45 kwa nyuzi. Hiyo ni wati 2 za paneli ya 50 zimepotea kwa joto, taa haina hatia. Oktoba na Novemba chumba chenyewe kiko juu ya 25, kwa hiyo andika joto la nyuma ya paneli na usahihishe kwa IEC 60891.

---

#15 MizaniYaJua

Kwa wenye zenoni, kifupi. Spektra yake ni nzuri isipokuwa miiba kati ya 800 na 1000, ndiyo maana ina kichujio. Kichujio kikipasuka daraja limeondoka. Balbu ina presha hata ikiwa baridi, kwa hiyo ngao ya uso na glavu, na usiguse kioo chake kwa kidole kitupu, mafuta ya ngozi yanakipasua kikipata moto. Halojeni vilevile. Zenoni za mwako wa milisekunde chache zinakosea kwenye paneli za kisasa zenye kapasitansi kubwa (zinazohifadhi chaji na kuchelewa kuitika): mkunjo wa kwenda na wa kurudi haulingani. Pima pande zote mbili. Visipolingana, mwako ni mfupi kwa paneli hiyo.

Rudieni ramani ya miraba 64 kila mnapobadilisha taa hata moja, mnapofuta vumbi kwenye viakisi, au mnapogusa urefu wa fremu. Vumbi letu jekundu linakula buluu kwanza, kwa hiyo kiakisi kichafu kinaharibu spektra pamoja na mtawanyiko.

---

#16 Fundi_Makole

Mkuu mwisho kabisa. Kibandiko cha kwenye fremu yangu niandikeje, ili mteja asidanganyike na mimi nisijidanganye?

---

#17 MizaniYaJua

Kwa fremu yako ilivyo sasa, ukishaipanga upya kwa seli ya rejea, ramani ikitoka ile ya asilimia 3.2 na oskiloskopu ile ya 3.7, andika hivi:

"Simuleta ya halojeni, taa 9. IEC 60904-9, bendi za 2007. Spektra: haina daraja, kwa hesabu ya kelvini 3200 (400–500 na 900–1100 ziko nje ya C). Mtawanyiko: B, asilimia 3.2, eneo la mm 400 × 400. Utulivu wa muda mfupi: C, asilimia 3.7, umeme wa gridi. Utulivu wa muda mrefu: haujapimwa. Mwanga umepangwa kwa seli ya rejea ya silikoni. Kwa paneli za silikoni ya fuwele tu. Urefu wa fremu: ___. Tarehe: ___."

Paneli za filamu nyembamba, zile za amofasi, usizipime hapo kabisa. Zinaishia karibu na nanomita 780, zinategemea buluu ambayo huna, na sensa yako ya silikoni ya fuwele haitakuonyesha kosa hilo.